Damu Husema Kabla ya Ngozi, Lakini Haisemi Yote

Mwaka 1871 Joseph Jones, aliyekuwa daktari wa jeshi la majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alichapisha taarifa za wagonjwa zaidi ya 2,600 wa donda ndugu la hospitalini, maambukizi yanayoua nyama chini ya ngozi ambayo leo madaktari huyaita necrotizing fasciitis. Karibu nusu yao walifariki. Mwaka 1924 Frank Meleney, akiwa Beijing, alieleza wagonjwa 20 wa maradhi hayo na kuonyesha kuwa bakteria aina ya streptokoka ndio waliohusika. Miaka yote hiyo daktari alitegemea macho na vidole vyake, na hapo ndipo maradhi haya yanapomponyoka. Huanzia chini, kwenye utando unaofunika misuli, na kuenea huko huku ngozi ikionekana nyekundu tu na kuvimba kidogo. Malengelenge na weusi vinapojitokeza, nyama nyingi huwa imeshakufa.

Wanaodai kwamba jicho la daktari mzoefu linatosha wanajibiwa na takwimu za Singapore. Mwaka 2003 daktari wa upasuaji Chin-Ho Wong na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 89 wa maradhi haya: ni 13 tu waliotambuliwa walipolazwa, na waliochelewa kupasuliwa kwa zaidi ya saa 24 walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Mwaka uliofuata timu hiyo ilitoa kipimo cha alama kiitwacho LRINEC, kinachotumia vipimo sita ambavyo hospitali nyingi huvifanya kila siku: protini ya CRP, chembe nyeupe, hemoglobini, sodiamu, kreatinini na sukari. Alama ya juu kabisa ni 13. Kuanzia 6, daktari ashuku. Hoja yao ilikuwa na mashiko, kwa kuwa maambukizi yaliyojificha chini ya ngozi huvuruga mwili mzima: sodiamu hushuka, na figo zikielemewa kreatinini hupanda.

Matokeo ya kwanza yalivutia mno, na baadhi ya madaktari wakaanza kuona alama ndogo kama kibali cha kumrudisha mgonjwa wodini au nyumbani. Hilo ndilo kosa. Mwaka 2019 uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi ulionyesha kuwa alama 6 au zaidi huwanasa takriban asilimia 68 tu ya wagonjwa. Yaani karibu mmoja kati ya watatu hupita bila kuonekana. Sababu mojawapo imo ndani ya kipimo chenyewe. CRP hutengenezwa na ini, huanza kupanda saa kadhaa baada ya maambukizi na kufikia kilele baada ya siku mbili hivi. Miligramu 150 kwa lita hupewa alama 4, ilhali 149 haipewi hata moja. Mgonjwa aliyewahi kufika, ambaye bado anaweza kuokolewa mguu wake, ndiye ambaye damu yake huenda haijabadilika vya kutosha.

Je, basi kipimo hiki kitupwe? Hapana. Alama 6 au zaidi zinapotokea kwa mtu aliyedhaniwa ana uvimbe wa kawaida wa ngozi, zina uzito: uchambuzi huohuo ulionyesha kuwa takriban asilimia 85 ya wasio na maradhi haya hawafikii kiwango hicho. Karatasi ya maabara inaweza kumwita daktari wa upasuaji usiku wa manane, wakati ngozi bado haijaonyesha lolote. Wengine huhofia kwamba kusubiri majibu kutachelewesha upasuaji. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni utaratibu: damu itolewe mara moja, lakini maumivu yanayozidi kile kinachoonekana, au wekundu unaovuka mstari uliochorwa kwa kalamu saa chache zilizopita, yatoshe kumpeleka mgonjwa chumba cha upasuaji. Huko, daktari akifungua na kukuta utando wa kijivu unaoachana na nyama kwa kusukumwa na kidole, shaka huisha.

Kwa hiyo kipimo cha damu kipewe kazi moja: kuharakisha. Alama kubwa impeleke mgonjwa kwa daktari wa upasuaji; alama ndogo isimwondoe mtu yeyote kwenye uangalizi, bali apimwe tena na kukaguliwa kila baada ya saa chache.