Nani Alimbatiza Mdudu wa Meru?

Leo habari za boom tuziweke kando kidogo. Jamaa wa hapa hosteli wakisikia natokea Oldonyo Sambu, swali ni lile lile: huko kuna nini zaidi ya ng'ombe na vumbi? Jibu lipo, ila inabidi tupitie Uswidi.

Mwaka 1905 mtaalamu wa wadudu wa makumbusho ya Stockholm, Yngve Sjöstedt, alikuja kukusanya wanyama wa Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai. Alikuwa huku mpaka 1906. Matokeo yakatoka kati ya 1907 na 1910, vitabu vitatu vizito, sehemu kubwa kwa Kijerumani. Mabingwa wa Ulaya waligawana mzigo, huyu akachukua mende, yule nzi, na Sjöstedt mwenyewe akashughulika na panzi. Mwaka 1909 mmoja wao akampa jina Parasphena meruensis. Meruensis ni "wa Meru", basi. Ni panzi asiye na mabawa ya kurukia, na nyumbani kwake ni mlima wetu.

Kwa nini mlima uwe na panzi wake? Fikiria Meru (mita 4,562) kama kisiwa, ila badala ya bahari umezungukwa na nyika kavu. Kiumbe kinachopenda baridi na unyevu kikishuka bondeni kimekwisha, kwa hiyo kinabaki huko juu na kubadilika kivyake, vizazi na vizazi.

Waliobanwa zaidi na sheria hiyo ni vijinzi vya uyoga. Ni vidogo kama mbu, na mabuu yao hula uyoga na magogo yaliyooza. Bila unyevu hakuna uyoga, na bila uyoga hakuna kijinzi. Na mvua ya Meru haigawanywi sawa jamani! Upande wa kusini na mashariki unapata nyingi, sisi wa kaskazini magharibi tunaambulia mabaki. Ukishuka kutoka msituni hadi barabara ya Namanga, umehama dunia moja kwenda nyingine kwa miguu yako.

Bingwa wa vijinzi hivyo alikuwa F. W. Edwards wa British Museum. Mwaka 1925 alitoa kazi kubwa juu ya vile vya Uingereza, halafu katika msafara wa 1934-35 akaja mwenyewe kupanda Ruwenzori na milima mingine ya Afrika Mashariki. Maana yake milima hii ilihesabiwa kuwa ghala la viumbe visivyo na jina.

Kutoa jina lakini si kama kumpa mtu a.k.a. Kijinzi unakiweka chini ya hadubini, unachora mishipa ya bawa, unachambua sehemu za uzazi za dume, maana spishi mbili zinaweza kufanana kila kitu isipokuwa hapo. Kisha unalinganisha na wote waliokwisha kuelezwa, unachapisha, na unateua mmoja awe kielelezo rasmi, wenyewe wanaita holotaipu. Huyo ndiye shahidi. Miaka mia baadaye mtu akibisha, anakwenda kumwangalia yeye.

Sasa hapa ndipo historia inapouma. Mashahidi wa msafara wa Sjöstedt walikwenda Stockholm. Na angalia alipita lini. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Meru, Wajerumani wakajibu kwa majeshi, na mwaka 1900 viongozi wa Waarusha na Wameru wakanyongwa. Boma la Arusha lilijengwa kwa jasho la kulazimishwa la watu hao hao. Mwaka 1905 wenyewe ndio ule vita vya Maji Maji vilipoanza kusini. Yaani profesa alitega wadudu wake kwa utulivu kwenye nchi iliyokuwa imenyamazishwa kwa bunduki.

Lebo za wadudu wake zinataja Kibonoto, zinataja Ngare na nyuki, zinataja jina lake. Kibonoto ni Kibong'oto, imeandikwa na sikio la mgeni. Na huyo mgeni aliambiwa na mtu: mto huu unaitwa hivi, njia ya msituni ni ile pale. Mtu huyo hayupo kwenye lebo. Mdudu akapata jina la Kilatini, aliyeonyesha njia hakupata hata la Kiswahili.

Bado nasema lebo zile ni mali. Msitu ukirudi nyuma, hakuna mzee wala picha itakayotuambia panzi gani au kijinzi gani aliishi pale mwaka 1905. Lebo itatuambia. Tukizipuuza kwa sababu ni za mkoloni, tutapoteza ushahidi wetu wenyewe.

Boma la Arusha leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kwa hiyo nyie wa zuolojia mnaotafuta mada ya utafiti, pandeni Meru. Mkipata kijinzi kipya, andikeni mahali kama wenyeji wanavyopatamka, na jina la aliyewaonyesha njia liwekwe kwenye lebo.

Haya, kipindi cha saa nane kinaniita. Tutaonana kantini.