Chukudu na barabara za milima yetu: historia ya njia ya Kibumba na njia ya Masisi



Kisangani, mji wa tambarare, watu wanabebwa na toleka, ile baiskeli yenye kiti cha abiria nyuma. Huku kwetu Kivu ya Kaskazini, mlima ulikataa. Mtu mwenye magunia ya viazi hawezi kukanyaga pedali kwenye mawe ya volkano, na akiteremka na mzigo ule, breki za baiskeli ya duka hazimsaidii. Ndiyo maana watu wa hapa walitengeneza chombo chao wenyewe: hakina pedali, hakina mnyororo, hakina kiti. Ni chukudu. Wengi wanasema jina lenyewe ni mlio wa magurudumu ya mti yakigonga mawe.

Chukudu tunaiona kila siku, lakini historia yake haieleweki bila barabara zake. Leo tuzifuate mbili: ile ya Kibumba na ile ya Masisi.

Njia ya Kibumba

Ukitoka Goma kuelekea kaskazini kwa barabara ya taifa namba 2, unapita Majengo, Kanyaruchinya na Kibati, halafu unapanda mpaka Kibumba. Upande mmoja ni Nyiragongo, mita 3,470. Upande mwingine ni Mikeno, mita 4,437. Pale ndipo mgongo wa inchi. Mvua ya upande wa Goma inaelekea ziwa Kivu, halafu mto Ruzizi, halafu Tanganyika, na mwisho mto Kongo. Mvua ya upande wa Rugari, Rumangabo na Rutshuru inaelekea ziwa Edouard, na mwisho wake ni Nile.

Chukudu za Kibumba zinafuata maji ya upande wa Goma. Kule juu kuna baridi na udongo wa volkano wenye rutuba: viazi, kabichi, karoti, maharagi. Huku chini kuna mji wenye watu wengi na udongo mdogo, maana Goma imejengwa juu ya mawe. Kwa hiyo chakula kinateremka na pesa inapanda. Mwenye chukudu anapiga goti moja juu ya ubao, mguu mwingine unasukuma ao unangoja breki, na mzigo wa kilo mia kadhaa unashuka kwa uzito wake wenyewe. Kurudi, anaisukuma kwa mikono, ikiwa tupu ao imebeba chumvi, sabuni na mabidoni ya mafuta.

Chombo chenyewe kimefuata njia hiyo. Kiunzi ni mti wa mikaratusi. Magurudumu ni mti mgumu zaidi, yamevikwa mpira wa gari lililochakaa, na katikati yana chuma chenye goroli ndani ili yazunguke vizuri. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa na mguu juu ya gurudumu la nyuma. Kila kitu kinapatikana hapa hapa. Chukudu ikivunjika njiani, fundi wa kijiji anaitengeneza bila kungoja kitu kutoka ngambo.

Njia ya Masisi

Ukitoka Goma kuelekea mangaribi, Mugunga iko njiani, halafu unafika Sake, kama kilometa 25. Sake ni mguu wa mlima. Pale njia zinaachana: moja inafuata ziwa mpaka Minova, moja inapanda Mushaki kuelekea Masisi, nyingine inapanda Kilolirwe kuelekea Kitchanga. Kwenye milima ile kuna majani ya ng'ombe, maziwa na jibini, maharagi na viazi. Toka Mushaki mpaka Sake ni mteremko mkali wa kona nyingi. Toka Sake mpaka Goma, mlima umekwisha lakini kazi haijaisha: barabara inapanda na kushuka kidogo kidogo juu ya mawe, na pale mwenye chukudu anasukuma kwa nguvu ya mwili wake. Mara nyingi vijana wawili ao watatu wanasaidiana kwa mzigo mmoja.

Nani alitengeneza barabara hizi

Wakati wa Wabelgiji, barabara za milima hazikukatwa kwa kumfikiria mkulima mdogo. Zilikatwa ili kahawa, pareto na ng'ombe vitoke kwenye mashamba makubwa. Lakini waliozikata na kuzitunza ni wanavijiji, kwa jembe na kikapu, kwa kazi ya lazima. Baada ya uhuru wa 1960, utunzaji ulipunguka. Wakati wa Mobutu, Salongo iliwatoa watu tena nje na majembe.

Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza mali za wageni zichukuliwe na Wazairwa. Mashamba na maduka mengi yalianguka baada ya pale. Malori yalikosa vipuri na mafuta, na barabara zikabaki na mashimo. Ni katika miaka hiyo ya 1970 chukudu ilienea Kivu ya Kaskazini. Serikali haikuwa imeileta, wala hakuna mradi uliokuja nayo. Mkulima alikuwa na viazi juu, mnunuzi alikuwa chini, na katikati hakukuwa na gari. Kijana mwenye chukudu yake alihesabiwa kuwa mtu wa kuoa, maana nyumba yake ingekula.

Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipasuka, na moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Mji ulijengwa tena juu ya mawe yale yale, na mchanga, mbao, maji na mabati vilipita juu ya chukudu kwenye njia ambazo gari halikuweza kupita. Mwaka 2009, sanamu kubwa ya mtu na chukudu yake, ya rangi ya zahabu, ilisimamishwa mjini. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ilipasuka tena, na mara hii mawe ya moto yalikata barabara ya Rutshuru yenyewe.

Wakati mzigo unabadilika

Lakini barabara hizi zimekatwa na vita mara nyingi kuliko volkano. Mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walijaa Kibumba kwa maelfu na maelfu, mahali pasipo na maji. Mwaka 2012 na 2013, mstari wa mapigano ulikuwa pale pale Kibumba. Mwaka 2022 vita vilirudi: mwisho wa Oktoba M23 iliingia Rutshuru na Kiwanja, na familia zikajaa Kanyaruchinya. Mwaka 2024 ilikuwa zamu ya Sake na vijiji vya Masisi, watu wakakimbilia Mugunga, Bulengo na Lushagala. Mwisho wa Januari 2025 M23 iliingia Goma. Mwezi uliofuata, kambi zile zikabomolewa, na wengi wakapanda tena njia ile ile, wengine bila kujua kama nyumba iko.

Ninyi mliopita njia hizo mnajua tayari jambo ambalo historia hii inasema. Chukudu inashuka ikiwa imejaa, wakati wa amani na wakati wa vita pia. Kinachobadilika ni mzigo. Wakati wa amani zinashuka gunia za viazi. Wakati wa vita zinashuka magodoro, sufuria, mbuzi mmoja, na mama mzee asiyeweza kutembea. Mteremko ni ule ule.

Na kuna jambo la pili. Mlima hauwezi kumfilisi mwenye chukudu, maana alikwisha kuupatia dawa. Barieri ndiyo inamfilisi. Anayeshusha viazi analipa huku, analipa kule, kwa mwenye bunduki wa upande huu ao wa upande ule. Kile anacholipa kinaongezwa juu ya bei, na mama anayenunua sokoni Virunga ndiye anayekimaliza. Mkulima naye anapewa kidogo zaidi ili hesabu ikae. Kwa hiyo kama kilo ya viazi imepanda, msimlaumu kijana aliyeisukuma. Ulizeni njia yake ilifungwa wapi na mara ngapi.

Siku hizi pikipiki na magari ya magurudumu matatu yamechukua sehemu ya kazi hii, na watoto wengine waliozaliwa kambini hawajawahi kuiona Kibumba yenyewe. Wazee, tunawaomba muwaambie majina ya miteremko na ya kona, mahali pa kupumzika, mahali ambapo breki inashika moto. Mtoto ambaye baba yake alishusha mzigo toka Mushaki asidhani kwamba kwao ni hema.

Wengi wanatuuliza ni kwa alama gani watajua kwamba kurudi ni salama. Matangazo tumesikia mengi. Sisi tunawaambia simameni kando ya barabara asubuhi, muangalie chukudu zinazoshuka zimebeba nini. Zikibeba magodoro, ngojeni kwanza. Zikibeba viazi siku nyingi mfululizo, mjue kule juu kuna mtu aliyepanda, akangoja miezi, akavuna.