Moti ya Traki Kupata Namba ya Kenya? Hii Hapa Form Yote, Kutoka Majuu Hadi Stage ya Kaplong

Hizo klipu umeziona. Supaka iko chini kama sahani, mkia umesimama kama meza ya mama mboga, sauti inatetemesha simu. Halafu chini ya klipu kuna msee anauliza: "Sasa hii inaweza toka Kericho, ipite Litein, ifike Kaplong na isishikwe?"

Jibu fupi: moti ya traki inaweza kugeuzwa ikaingia barabarani, na kuna makampuni majuu kazi yao ni hiyo. Kwa Kenya, supaka nyingi za aina hiyo zinakwama hata kabla NTSA waziangalie taa. Lakini kuna binamu yake yuko huku kwetu, anauzwa kila siku, na huyo ndiye anaweza kukumalizia doh ama akumalize wewe mwenyewe. Twende pole pole.

MOTI YA TRAKI NI GANI HASA?

Ni gari limetengenezwa likimbie kwenye uwanja wa mbio peke yake. Halijawahi kusajiliwa, halina namba, na hata kiwanda kinakuuzia kikijua hutalipeleka kwa barabara ya umma. Mfano ni Aston Martin Vulcan ya 2015. Walitengeneza 24 pekee dunia nzima, injini ya V12 ya lita 7, nguvu ya farasi zaidi ya 800. Mwingine ni McLaren P1 GTR, yenye injini ya V8 ikisaidiwa na mota ya umeme, jumla ikikaribia farasi 1,000.

Usidhani shida ni spidi. Hata Subaru ya jirani yako inaweza kupita 110, na hiyo ndiyo mwisho kwa gari la kibinafsi kwenye hawei zetu. Shida ni kwamba moti ya traki haina vitu ambavyo barabara inadai: taa za kawaida, indiketa, hendibreki, honi, vioo vya pembeni vinavyoonyesha kitu, mahali pa kubandika namba. Tairi zake ni kipara kutoka kiwandani. Huku ukipatikana na tairi kipara unaandikiwa kesi, yeye amezinunua zikiwa hivyo.

MAJUU WANAFANYAJE?

Uingereza kuna watu wanaitwa Lanzante. Hao si wa kubahatisha. Timu yao ndiyo iliendesha kazi ya McLaren F1 GTR iliyoshinda Le Mans mwaka wa 1995. Siku hizi unawapelekea P1 GTR yako, wanairudisha ikiwa na namba. Vulcan nayo ilifanyiwa hiyo kazi na RML Group, pia wa Uingereza.

Kazi yenyewe huwa hivi:

1. Taa na indiketa. Zinaongezwa ama zinabadilishwa zifikie kipimo cha barabara. Vulcan ilikuwa na taa za nyuma zimechongoka kama visu, ikabidi zifunikwe ndio mtu wa miguu asichanwe zikimgusa.

2. Urefu kutoka chini. Gari linainuliwa na springi zinalainishwa, kwa sababu traki haina matuta.

3. Tairi na breki. Kipara zinatoka, zinaingia tairi zenye meno ya kutoa maji. Breki pia zinapangwa zishike zikiwa baridi. Breki nyingi za mbio zinataka joto kwanza ndio zikamate.

4. Moshi na kelele. Ekzosi inawekewa kichujio na sailensa ya maana.

5. Joto. Traki ni mwendo mfululizo, upepo unapita kwa rejeta. Jam ni kusimama. Bila feni za kutosha, injini inachemka ukiwa nyuma ya lori.

6. Injini na gia. Kompyuta inapangwa upya ndio gari likubali kutembea kwa 20 bila kuruka ruka kama mbuzi.

Ikimalizika, Uingereza kuna ukaguzi unaitwa IVA, ambapo mkaguzi anaangalia gari moja moja badala ya modeli nzima. Ukipita, unapewa namba. Marekani wao wana njia yao: tangu 1999 kuna ruhusa ya magari ya kipekee ya maonyesho, unaruhusiwa kama kilomita 4,000 kwa mwaka, basi. Kwa hivyo hata huko kwenye pesa hakuna kujiingilia tu.

SASA LETA KENYA

Hapa ndio ngori inaanza. Hizi ni geti nne, na unafaa kupita zote.

Geti ya kwanza ni usukani. Kenya haisajili gari lenye usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalum kama ambulensi na zima moto. McLaren P1 zilitoka zote na usukani wa kushoto. Kwa hivyo hata Lanzante wakikupambia yako vipi, haitapata namba ya K. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha upande wa kulia wa barabara, huko usukani wa kushoto ni kawaida. Kwetu ni hapana. Mgeni anaweza kuingia na gari la hivyo kwa muda akiwa na karatasi, lakini lazima litoke.

Geti ya pili ni miaka. Kipimo cha KEBS, KS 1515, hakikubali gari lililotumika kuingia likiwa limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Na linakaguliwa huko linakotoka kabla ya kupanda meli. Moti ya traki haijawahi kusajiliwa popote, kwa hivyo hata karatasi ya kuanzia hesabu ni kitendawili.

Geti ya tatu ni KRA. Chukua gari la petroli lenye injini kubwa kuliko sisi 3,000, na tuseme thamani yake kwa forodha ni milioni 10. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, hiyo ni milioni 3.5. Sasa una 13.5. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 35 ya hiyo, milioni 4.725. Umefika 18.225. VAT asilimia 16 ya hiyo yote, karibu milioni 2.9. Jumla imepita milioni 21, na bado kuna ada zingine ndogo ndogo. Yaani serikali imekula kuliko aliyekuuzia gari.

Geti ya nne ni NTSA. Gari linakaguliwa, na kila kitu kwenye logbuku lazima kifanane na kile kiko mbele ya mkaguzi: namba ya chasisi, namba ya injini, ukubwa wa injini, aina ya bodi, hata rangi. Ukibadilisha kimoja baadaye, unafaa kuwaambia wakubadilishie rekodi. Kelele nayo ina sheria zake za NEMA tangu 2009.

BINAMU YAKE: MOTI YA RALI

Sasa tuongee ukweli wa mtaa. Hutanunua Vulcan. Lakini unaweza kuona tangazo la Subaru Impreza ama Mitsubishi Lancer Evolution iliyokimbia rali ya Kenya, keji ya vyuma iko ndani, bei inakaa poa. Hapo ndio macho yako yanang'aa.

Rali ni tofauti na traki kwa kitu kimoja kikubwa. Safari Rally ilianza 1953, na kwa miaka mingi ilikimbiwa kwenye barabara zikiwa wazi, matatu na ng'ombe zikiwa ndani. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka wa 2021 huko Naivasha, sehemu za mbio zilifungwa, lakini kutoka sehemu moja hadi nyingine madereva wanatumia barabara yenu ya kawaida. Ndio maana utaona moti ya WRC ina namba, taa na indiketa, na imesimama nyuma ya tuktuk ikingoja. Hapo dereva anafuata sheria kama wewe.

Kwa hivyo moti ya rali inaweza kuwa na logbuku halali. Lakini kabla utume hata deposit ya M-Pesa, angalia hivi:

Keji. Vyuma vimetengenezewa mtu aliyevaa helmeti. Ukienda sokoni Sotik bila helmeti, bomba la chuma liko sentimita chache kutoka kwa kichwa chako. Ajali ndogo ambayo kwa Vitz ingekuacha na maumivu ya shingo, hapa inaweza kukupasua fuvu.

Mikanda na viti. Mikanda ya mbio ya FIA huwa na mwisho wa matumizi, miaka 5 tangu itengenezwe, na viti vingi pia. Iangalie lebo. Tena ukifungwa mikanda sita huwezi kuinama kuangalia kama boda anatoka upande wa kushoto.

Mifuko ya hewa. Mara nyingi ilitolewa kitambo. Abiria wa nyuma naye hana kiti kabisa, kwa hivyo usibebe mbogi.

Karatasi. Moti za rali hubadilishwa injini kama vile wewe hubadilisha kava ya simu. Ingia portal ya NTSA kupitia eCitizen, tafuta rekodi, halafu inama na tochi usome namba ya chasisi na ya injini wewe mwenyewe. Zikikosa kufanana, hiyo si bargeni. Hiyo ni kesi unanunua.

KWA NINI BARABARA YA KAPLONG HAITAKI MCHEZO

Kama wewe ni wa Nairobi na hujafika, Kaplong ni pale barabara ya kutoka Narok na Bomet inakutana na ile ya Kericho kwenda Sotik na Kisii. Lami iko, kona ziko, majani chai pande zote. Kwa kamera ni tamu sana. Kwa moti ya mbio ni mtihani.

Kwanza mvua. Hii ni nchi ya chai, na chai inataka maji. Mchana jua, saa tisa mvua. Tairi kipara kwenye lami yenye maji ni sabuni.

Pili hewa. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 20 ya nguvu zake huko juu, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hizo farasi 800 za kwenye karatasi hutaziona zote.

Tatu watu. Hakuna traki yenye trekta ya majani chai inatoka shambani bila kuangalia, boda amebeba magunia mawili ya mboga, watoto wa shule wamevaa sweta kwenye ukungu. Na wasee wa stage wamesimama hapo hapo kwenye ukingo wa lami.

Hii si kuogopesha mtu. Juni 30, 2023, trela lilipoteza mwelekeo pale Londiani Junction, hapo hapo Kericho County, likagonga matatu, boda na watu waliokuwa wanauza kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 waliaga. Hiyo haikuwa moti ya mbio, lakini ilionyesha kitu kimoja: huku kwetu soko liko barabarani, na chombo kikikosa kusimama, hakuna ukuta wa matairi kama kwa traki. Kuna mama anauza ndizi.

BIMA: HAPA NDIO WENGI HULIA

Sheria, Sura ya 405, inasema lazima uwe na bima ya mtu wa tatu. Sawa. Lakini soma maandishi madogo ya ile bima kubwa. Nyingi hazilipi kama ulikuwa unashindana, na ukificha kwamba gari limebadilishwa, kampuni inaweza kukataa kukulipa gari lako. Kwa mtu uliyemgonga, inaweza kulipa halafu ikurudie wewe uirudishie. Sasa fikiria una miaka 24, gari ni chuma chakavu, na unadaiwa milioni. Kwa hivyo andikia bima kila ulichobadilisha, na uhifadhi majibu yao. Bei itapanda. Afadhali ipande.

SASA NIFANYE NINI NA HII KIU?

Kama unataka tu kuhisi mbio, chukua moti ya kawaida yenye logbuku safi, weka breki nzuri na tairi nzuri kabla ya kufikiria tabo, halafu tafuta mashindano yaliyosajiliwa na Kenya Motor Sports Federation. Kuna mashindano kama KiambuRing TT, ambapo barabara inafungwa na unashindana na saa, si na lori la maziwa. Ambulensi iko, helmeti ni lazima, na ukikosea kona hakuna mtoto wa mtu upande ule mwingine.

Na kama tayari una moti ya rali na unataka iwe ya kila siku, fanya kazi kama ya Lanzante lakini kwa mfuko wako: rudisha viti na mikanda ya kawaida, vika vyuma vya keji sponji ngumu ama uitoe kabisa, weka tairi za mvua, hakikisha hendibreki inashika kwenye mlima, halafu upeleke NTSA ikaguliwe na rekodi zibadilishwe. Hapo karao akikusimamisha Kaplong, utamwonyesha karatasi na uende zako Kisii.