Damu, Unga na Msamaha: Hoja ya Kale katika Nchi ya Iramba

Walutheri wa Marekani walipoipokea kazi ya misheni ya Iramba, Singida, katika miaka ya 1920, baada ya Vita Kuu kuwaondoa wamisionari Wajerumani wa Leipzig walioianzisha, walikuja na Biblia, shule na dawa. Walikuja pia na kumbukumbu ya mgogoro mzito wa imani. Sinodi yao, Augustana, iliundwa mwaka 1860 hasa na wahamiaji kutoka Uswidi. Mwaka 1872 mhubiri Mswidi, Paul Peter Waldenström, alichapisha mahubiri yaliyowagawa Waswidi ng'ambo zote mbili za bahari. Alidai kwamba Maandiko hayasemi popote kuwa Mungu ndiye aliyehitaji kupatanishwa. Aliyefarakana na mwenzake ni mwanadamu, na msalaba haukuja kuutuliza moyo wa Mungu bali ulitoka katika moyo huohuo. Viongozi wa Augustana waliyakataa mafundisho hayo, wakishika Ungamo la Augsburg la 1530 linalomtaja Kristo kuwa dhabihu kwa ajili ya dhambi. Wengi wa waliovutwa na Waldenström walijitenga, na mwaka 1885 kanisa lao likaundwa Chicago. Kwa hiyo swali kama Mungu hasamehe mpaka dhabihu itolewe lilikuwa limekwisha kuligawa kanisa lililojenga vituo vya Kinampanda na Kiomboi.

Na wenyeji wa huku walikuwa wanaijua dhabihu. Kwa Wanyisanzu wa Mkalama, majirani wa Iramba, matambiko ya mvua yalifanyika katika kijiji cha Kirumi, chini ya watemi wawili wa ukoo wa Anyampanda, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa mvua haikuweza kupatikana kwa nguvu za upande mmoja. Mwanaanthropolojia Todd Sanders, aliyekaa nao miaka ya 1990, ameeleza jinsi mvua inapogoma watu wanavyopiga ramli kwanza, kisha pombe ya mtama hupikwa, mnyama huchinjwa na wahenga huombwa. Hapa ndipo hadhari inapohitajika. Wahubiri wengi wamezoea kuyaeleza matambiko kama jaribio la gizani la kununua msamaha, jaribio ambalo msalaba ulikuja kulikamilisha. Maelezo hayo ni mepesi mno. Kilichotafutwa Kirumi ni mvua na uzima wa nchi, na pia umoja wa walio hai na waliotangulia. Mnyama hakuwa malipo ya hatia ya mtu mmoja mbele ya hakimu wa mbinguni. Mtu aliyemkosea jirani yake alikuwa na njia nyingine: kukiri mbele ya wazee na kutoa fidia kwa aliyekosewa.

Nashikilia kwamba watu hao, bila kuisoma Biblia, walikuwa karibu nayo kuliko nadharia tuliyorithi kutoka Ulaya ya karne ya 11. Anselm wa Canterbury, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1098, alifundisha kwamba dhambi humnyang'anya Mungu heshima yake, na kwamba lazima heshima hiyo ifidiwe au mkosaji aadhibiwe. Hoja yake ina uzito, lakini si ya Musa. Sura ya tano ya Walawi inamruhusu maskini asiyeweza kupata hata hua wawili kuleta sehemu ya kumi ya efa ya unga kuwa sadaka ya dhambi, naye anasamehewa. Unga hauna damu. Ninawi ilisamehewa kwa kufunga na kuacha udhalimu, na kitabu cha Yona hakimtaji mbuzi hata mmoja aliyechinjwa ili mji uachiliwe. Yesu alimwambia yule aliyepooza kule Kapernaumu kwamba dhambi zake zimesamehewa, hali msalaba ungali mbele. Na katika mfano wa mwana mpotevu, ambao mfugaji wa Singida anauelewa bila kufafanuliwa, ndama aliyenona anachinjwa kweli, lakini baada ya baba kumkumbatia mwanawe. Kachinjwa kwa ajili ya karamu. Msamaha ulikuwa umekwisha kutolewa njiani.

Atakayepinga ataifungua Waebrania 9:22, panaposemwa kuwa bila damu kumwagwa hakuna ondoleo. Ni pingamizi la haki. Lakini mstari huo unaanza kwa kusema karibu vitu vyote, kwa mujibu wa torati, husafishwa kwa damu. Mwandishi anaeleza utaratibu wa agano la kale, na neno "karibu" linauachia nafasi ule unga wa maskini. Zaidi ya hapo, sura inayofuata inasema damu ya mafahali na mbuzi haiwezi kuondoa dhambi. Pingamizi la pili ni zito zaidi: kama Mungu aweza kusamehe bila dhabihu, Kristo alikufa bure? La. Kusamehe kuna gharama, na anayeibeba ni yule aliyekosewa. Msalaba unaonyesha Mungu akiibeba mwenyewe. Haumwonyeshi akiidai kwa mwingine. Hata Wakatoliki, ambao Mtaguso wa Trento uliwathibitishia mwaka 1562 kwamba Misa ni dhabihu kweli, hawafundishi kuwa padre anamshawishi Mungu asiyetaka. Na uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, ambao hakuna uliouzidi kwa kuitaja damu ya Yesu, uliwafanya watu waungame hadharani na kurudisha walichoiba. Walioimba habari za damu ndio waliorudi kwa majirani zao kutengeneza walichoharibu, na hilo mzee wa Kirumi angelielewa.

Jambo hili si la vitabuni tu. Leo wapo wahubiri wanaomwambia mjane asiye na kitu kwamba laana haitamtoka mpaka alete sadaka ya kiasi fulani. Huo ndio mtego wa kuuza msamaha ambao Luther aliupinga mwaka 1517, umerudi kwa jina jingine. Wachungaji, mapadre na walimu wa Singida wana wajibu wa kusema waziwazi madhabahuni kwamba msamaha wa Mungu haulipiwi, na kwamba fedha ya mjane huyo inunue chakula cha watoto wake.