Tovuti bila kuandika kodi: waliojenga na waliobomolewa

Oktoba 26, 2009, Yahoo iliifunga GeoCities, na kurasa za mamilioni ya watu zikafutwa: picha za familia, mashairi, kumbukumbu za marehemu. Wengi wa waliozitengeneza hawakuwa mafundi wa kompyuta. GeoCities, iliyoanzishwa California mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner, iligawa nafasi ya bure katika mitaa yenye majina. Mpenzi wa sinema alihamia Hollywood, wa kompyuta SiliconValley, na kila ukurasa ukapewa namba kama nyumba. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa zaidi ya dola bilioni 3. Miaka 10 na kidogo baadaye, mitaa hiyo ikavunjwa. Wanaharakati wa Archive Team, akiwemo Jason Scott, walikimbizana na muda kunakili walichoweza.

Anayetafuta zana ya kutengeneza tovuti leo huuliza kwanza ipi ni rahisi. Historia ya zana hizi inanifanya niulize kwanza: siku nikihama, nitaondoka na nini?

Ndoto ya kujenga bila kuandika kodi ina umri sawa na wavuti. Kivinjari cha kwanza cha Tim Berners-Lee, alichokiunda CERN mwaka 1990, kilimwezesha mtu kusoma ukurasa na kuuhariri palepale. Vivinjari vilivyopata umaarufu baadaye viliacha sehemu ya kuandika, na pengo hilo likageuka biashara. Mwaka 1995 kampuni ya Vermeer ya Massachusetts ilitoa FrontPage, na Januari 1996 Microsoft ikainunua kwa dola milioni 130 hivi. Ulichapa ukurasa kama unavyochapa barua. Lakini fomu ya maoni na kile kikaunta cha kuhesabu wageni vilitegemea programu ya ziada kwenye seva. Ukihamia seva isiyokuwa nayo, ukurasa ulifunguka vizuri, ila kikaunta kilikufa na fomu haikutuma kitu. Mwaka 2006 Microsoft ikaachana na FrontPage.

WordPress ilishika njia nyingine. Mwaka 2003 Mmarekani Matt Mullenweg na Mwingereza Mike Little walichukua b2, programu ya blogu iliyokuwa imedorora, wakaiendeleza bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni yake ilikuwa huria. Leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani zinaitumia. Kwa Watanzania wengi, hata hivyo, mlango wa kwanza ulikuwa huduma ya blogu ya bure, Blogspot, ambako mpigapicha Issa Michuzi alianza blogu yake mwaka 2005.

Kisha zikaja Wix mwaka 2006, Bubble 2012 na Webflow 2013, na kazi ikavuka kurasa za kusomwa tu: akaunti za wateja, oda, malipo. Hapo ndipo kuhama kulipozidi kuwa kugumu. Webflow, ukilipia, hukuruhusu kupakua kodi ya kurasa, lakini fomu na hifadhidata yake hazifanyi kazi nje. Bubble hukupa data kama jedwali. Ule mpangilio wa "mteja akilipa, mtumie risiti" unabaki kwao. Wix haikupi tovuti uihamishie kwingine. Na ukubwa wa kampuni si kinga: Google ilipoifunga App Maker Januari 2021, waliojenga programu za ofisi humo walibaki na data zao, programu zenyewe wakaziandika upya.

Kwa duka au chama kinachohitaji kurasa za taarifa, mimi nachagua WordPress, kwa kuwa programu yake huria unaweza kuihamishia seva nyingine, na domeni, yaani anwani ya tovuti, isajiliwe kwa jina la chama chenyewe, si la fundi. Kwa programu ya kusajili wanachama, Bubble inafaa kujaribia wazo haraka. Ila katibu apangiwe kazi ya kupakua jedwali la wanachama kila mwisho wa mwezi, na aandike kwenye karatasi kila hatua ambayo programu inafanya, maana hizo ndizo fundi mwingine atakazozihitaji siku ya kujenga upya.