Kaa la Moto la Bibi: Habari za Tumbaku na Pumzi Katika Nyumba za Kimali

Siku za utoto wangu huko Kimali, katika nchi ya Wasukuma ambayo leo imo ndani ya mkoa wa Simiyu, jua lilipokwisha kuzama na ng'ombe wakawa wamefungiwa zizini, bibi yangu alikuwa akitoka jikoni na kaa la moto juu ya kigae, akivuka ua polepole huku amelikinga kwa kiganja ili lisizimwe na upepo, hata akifika chini ya mti alipokuwa ameketi babu juu ya kigoda chake, akapiga goti na kuliweka lile kaa juu ya tumbaku iliyokwisha kushindiliwa ndani ya kiko cha udongo. Babu huvuta mara mbili tatu, akakohoa kidogo, akashukuru. Kisha masalio ya kaa lile lile ndiyo yaliyopelekwa kuwasha shikome, moto wa jioni ambao wanaume na wavulana waliuzunguka wakaota na kusimuliana. Sikumsikia hata siku moja babu akiomba moto. Ilikuwa ada, na bibi aliijua saa yake kama mwadhini ajuavyo saa ya magharibi.

Leo, katika ua ule ule, mke wa baba yangu mdogo hupapasa mifuko ya koti la mumewe kila asubuhi akitafuta kiberiti, na akikipata hukificha chini ya pipa la mtama. Baba mdogo ana maradhi ya mapafu yasiyopona, yale ambayo matabibu huyaita ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa: akitoka nyumbani hadi kisimani hupumzika mara tatu, usiku hulala ameegemea mito kama mtu aliyeketi, na midomo yake wakati wa kipupwe hugeuka rangi ya zambarau, walakini sigara hajaiacha. Watu wa mtaani humlaumu mama mdogo kwa kumlea vibaya mumewe, wengine kwa kumgombeza kupita kiasi, na baadhi yao hufanya yote mawili kwa siku moja. Mimi naona kwamba wanawake hawa wawili, yule wa kaa la moto na huyu wa kiberiti kilichofichwa, walikuwa katika kazi moja ya kumtunza mume, na kilichoipindua kazi hiyo juu chini ni tarikhi ndefu ya jani moja, ambayo haikuanzia Kimali wala haikuanzishwa na mke wa mtu yeyote.

Jani lenyewe si la kwetu kwa asili. Lilitoka bara la Amerika, likavushwa bahari na Wareno na wafanyabiashara wengine katika karne ya 16 na ya 17, na jina lake likaja nalo, likibadilika matamshi bandari kwa bandari hata kwetu likawa tumbaku. Huko Uingereza Mfalme James wa Kwanza alikwisha kuandika kitabu cha kuishutumu mwaka 1604, akiuhofia moshi wake kwa ajili ya mapafu, na wala hakusikilizwa, pengine kwa kuwa mfalme yule yule alikuwa akijipatia ushuru kutokana nayo. Pwani yetu iliipokea kwa adabu zake zote. Waswahili walikuwa na kiko cha maji ambacho kila kiungo chake kilipewa jina: kiko ndicho chombo chenye maji, bori ndilo litiwalo tumbaku na moto, digali ndilo lishukalo kutoka borini hadi majini, shilamu ndilo lielekealo kinywani, na sauti ya maji yanapobubujika ikaitwa malio ya kiko. Lugha haikipi kitu majina mengi namna hii ila kikiwa kimeingia sebuleni na kukaa.

Na kuna neno jingine ambalo kila nikilisikia kwa waganga wa leo hunifanya nisimame. Neno hilo ni uraibu. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani, uraibu ulikuwa ni ile sahani ya tambuu, popoo, chokaa na tumbaku aliyowekewa mgeni ili atafune akizungumza, na mwanamke mwenye kujua ustaarabu hakumwacha mgeni wake kinywa kitupu. Neno hilo hilo sasa ndilo wanaloliandika madaktari kwa maana ya utumwa wa mtu kwa sigara, pombe au bangi. Sijui neno lolote katika lugha yetu lililosafiri safari ya kusikitisha kuliko hii, kutoka sahani ya mgeni hadi cheti cha hospitali, wala sioni haja ya kulirudisha. Lakini anayelitamka mbele ya mke wa mvutaji na akumbuke kwamba lilianza kama takrima, na kwamba aliyeiandaa takrima ile aghalabu alikuwa mke.

Bara, tumbaku ilifika mapema kuliko wageni waliokuja kutuandika. Wasafiri Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora, mnamo Novemba 1857, waliikuta imekwisha kuwa mmea wa nyumbani katika nchi walizopita. Na Speke alipopanda kaskazini peke yake mwaka uliofuata, akapita Usukuma hata akaliona ziwa kuu tarehe 3 Agosti 1858, alipita miongoni mwa watu ambao kiko kwao hakikuwa kitu kigeni. Wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma waliiendea pwani na kurudi na maneno, nguo na mazoea. Hata Wahadzabe wa pande za ziwa Eyasi, majirani zetu wa mashariki wasiolima, wana kiko chao cha jiwe kilichochongwa kama bomba fupi, na tumbaku huipata kwa kubadilishana asali na nyama.

Sasa hapa pana jambo ambalo watu wengi hulipita mbio, nami nataka nikae nalo. Tumbaku ya babu ilikuwa jani la nyuma ya nyumba, lililoanikwa kwa hewa na kuwa jeusi na kali, na moshi wake ulichoma koo kiasi kwamba mvutaji aliuzungusha kinywani na kuutoa, asiushushe sana kifuani. Haukuwa moshi salama, Mungu apishe mbali mtu asije akanielewa hivyo. Babu alikohoa mpaka kufa kwake. Lakini ulikuwa na mipaka: ya koo, ya saa, na ya yule aliyeleta moto. Tumbaku ya sigara ni ya namna nyingine. Wakulima wa Urambo, ambako baada ya ule mpango mashuhuri wa karanga wa Waingereza kuvunjika mwaka 1951 palikuja kustawi tumbaku, huiita tumbaku ya mvuke, kwa sababu hukaushwa ndani ya mabani kwa joto la moto lipitalo katika mabomba, moshi wa kuni usiiguse. Na kukaushwa huko huifanya njano, tamu, na laini ya moshi, hata mtu akauvuta mpaka chini kabisa ya mapafu bila koo kumwonya. Pale chini ndipo nikotini huingia damuni na kufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache, na ndipo pia moshi hula kuta za vifuko vidogo vya hewa, polepole, kwa miaka ishirini au thelathini. Ulaini wenyewe ndio uliokuwa hatari.

Sigara hizo zilitujia kwa njia nyingi. Vijana waliokwenda Vita Kuu ya Pili katika jeshi la King's African Rifles walipewa pamoja na posho. Manamba waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga walirudi nazo midomoni. Na pamba, ambayo ndiyo iliyotia fedha katika mifuko ya Usukuma, iliwapa wanaume uwezo wa kununua pakiti nzima msimu wa mauzo na sigara moja moja miezi ya ukame. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilipounganishwa chini ya uongozi wa Paul Bomani katika Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955, maduka ya minadani yalikuwa yakijaa. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru, kiwanda cha sigara kilianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 1975 kikataifishwa kikawa mali ya umma, hata mtu aliyevuta Sportsman aliweza kujiambia kuwa anajenga taifa. Baba mdogo alianza kuvuta miaka hiyo, akiwa kijana wa kupima pamba, na kalamu sikio moja na sigara sikio la pili.

Pamoja na sigara kilikuja kiberiti, na katika habari hii yote hakuna kitu kilichotenda kazi kubwa kwa kelele ndogo kama hicho. Maadamu moto ulikaa jikoni, mwanamke alijua hesabu ya mumewe: kiko kimoja jioni, labda kingine mvua ikinyesha. Kiberiti kilipoingia mfukoni mwa mwanamume, hesabu ilimtoka mwanamke mikononi. Alibakiziwa kikohozi tu.

Na kikohozi hicho kwa miaka mingi kilisomwa vibaya. Ulaya, Laennec, tabibu wa Kifaransa aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua mwaka 1816, alikwisha kueleza miaka mitatu baadaye mapafu yaliyotanuka na kupoteza unyumbufu wake. Hutchinson wa Uingereza alitengeneza mwaka 1846 kipimo cha kupuliza cha kupima pumzi. Na mwaka 1950 watafiti Richard Doll na Bradford Hill wakaonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu kwa ithibati iliyomfanya Doll mwenyewe, aliyekuwa mvutaji, azitupe sigara zake. Kwetu, ilivyo haki, jicho lilikuwa juu ya kifua kikuu, maradhi yaliyokuwa yakiua upesi zaidi: hospitali ya Kibong'oto huko Kilimanjaro ilijengwa kwa ajili yake mwaka 1926, na mpango wa taifa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970, ambamo daktari Karel Styblo alifanya kazi, ulikuja kuwa kielelezo kwa ulimwengu mzima. Lakini fadhila hiyo ilikuwa na kivuli. Mtu aliyekohoa miezi mitatu alipimwa makohozi, na vijidudu visipoonekana aliambiwa ana pumu, au baridi, au apumzike. Baba mdogo alizunguka zahanati na vituo miaka minne hivi, akapewa dawa za kila namna, kabla hajakutana na mtu aliyemwambia apulize katika mashine.

Siku ile daktari alisema maneno ambayo mama mdogo huyarudia mpaka leo: mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi, lakini akiacha leo yataacha kukimbia kuelekea kaburini, yatatembea kama ya watu wengine. Maneno hayo yana asili yake. Watafiti Fletcher na Peto, baada ya kuwafuata mamia ya wanaume wa London kwa miaka minane, walieleza mwaka 1977 kwamba aliyeacha sigara, hata akiwa amekwisha kudhurika, pumzi yake hupungua kwa mwendo wa kawaida wa uzee. Mama mdogo alisikia bishara. Mumewe alisikia hukumu. Tangu hapo ndipo vita vya kiberiti vilipoanza.

Vita hivyo hakuvishinda, nami nadhani havishindiki kwa njia ile, kwa kuwa mwili uliozoea nikotini ukinyimwa huhangaika, hukasirika na kukosa usingizi, na mgonjwa asiyeweza kuhema huiona sigara ndiyo faraja yake ya mwisho, ilhali ndiyo inayomnyonga. Wengi wanaoacha huwa wamejaribu na kuanguka mara nyingi kabla. Jambo ambalo mama mdogo alilifanya likafaa lilikuwa jingine, na alilianza siku alipochoka kupapasa mifuko. Alimwambia, "Baba, mimi sitakuletea moto wala sitakuzimia. Ila humu ndani hauwashwi." Kiko cha babu kiliwashwa nje chini ya mti, akasema, na sigara nayo iende huko huko. Akakataza watoto kutumwa dukani sigara, jambo ambalo hata sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inaliunga mkono, maana inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Akajifunza ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, namna ya kuitikisa na kumhesabia mumewe pumzi, na dalili za kumpeleka hospitali usiku bila kungoja kuche: makohozi yanapogeuka rangi, miguu inapovimba, maneno yanapokatika katikati. Jioni hukaa naye chini ya mti hata akiwa anavuta, ila upande upepo unakotokea.

Upande huo wa upepo si upuuzi. Mwaka 1981 Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha habari za wanawake zaidi ya 90,000 wasiovuta, akaonyesha kwamba wale walioolewa na wavutaji walikufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko wenzao. Mama mdogo ana moshi zaidi ya huo wa mumewe: amepika kwa kuni tangu utoto katika jiko lisilo na dirisha, na moshi wa kuni nao huziba njia za hewa, hata kwa mwanamke ambaye hajagusa sigara maishani mwake. Mwaka jana alianza kukohoa asubuhi. Amekwisha kutoboa dirisha jikoni, na kiangazi hupikia uwanjani.

Baba mdogo bado anavuta, tatu kwa siku badala ya pakiti, na huenda kesho zikawa nne. Nawe msomaji, ukipita Kimali na kuwakuta wameketi chini ya mti ule, usimuulize mama mdogo kwa nini mumewe hajaacha, maana ameulizwa hilo na kila mtu. Muulize kikohozi chake kinaendeleaje, na kama ana nauli ya kwenda Bariadi kupuliza katika mashine.