Pete ya Mbayuwayu wa Nakivale

Nilipokuwa mwaka wa mwisho wa shule ya msingi, mwezi wa tatu, mdogo wangu aliokota mbayuwayu aliyekufa kando ya Ziwa Nakivale baada ya mvua ya mawe. Mguuni alikuwa na pete nyepesi yenye maandishi madogo mno. Pale Base Camp jirani mmoja alisema ni hirizi, mwingine akasema ni kifaa cha kupeleleza wakimbizi. Mama akaamuru itupwe. Mdogo wangu akaitunga kwenye uzi, akaivaa shingoni mpaka ikapotea. Ni hapa Mbarara, katika somo la vyanzo vya historia, nilipotambua kwamba tulipoteza hati.

Hati hizo zilianza Denmark mwaka 1899, pale mwalimu wa shule Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg, alipowavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Kabla ya hapo watu waliona ndege wakitoweka na kurudi, lakini ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba huyu wa leo ndiye yule wa jana. Mei 1911 mwanasheria John Masefield alimvisha mbayuwayu pete huko Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa ndani ya nyumba ya shambani huko Natal, Afrika Kusini, na barua ikaandikwa kutoka hoteli moja ya mji wa Utrecht. Vitabu humtaja Masefield. Mimi namheshimu zaidi aliyeandika barua, maana bila yeye pete ile ingebaki pambo kama yetu.

Kwetu Afrika Mashariki kituo kinachojulikana zaidi ni Ngulia, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Tangu 1969, Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli huwavuta ndege wahamao washuke, na wataalamu huwanasa kwa nyavu. Wamevishwa pete kwa mamia ya maelfu, na baadhi ya pete hizo zimeripotiwa kutoka Mashariki ya Kati na Urusi.

Lakini Ngulia huwaona wakishuka kusini. Safari ya kurudi, ile ya majira ya kuchipua ya Ulaya ambayo kwetu ni mvua za Machi na Aprili, ilichunguzwa hapa hapa Uganda. Katika miaka ya 1960 David Pearson alitega nyavu karibu na Kampala, akawavisha pete ndege wadogo waimbaji na kuwapima uzito. Matokeo aliyachapisha katika jarida la Ibis mwaka 1971 na 1972. Ndege wa matete mwenye gramu kumi na kitu hula mfululizo kabla ya kuondoka, akajaza mafuta chini ya ngozi, na wengine hukaribia uzito maradufu. Mafuta hayo ndiyo chakula chake cha kuvukia jangwa. (Mama, aliyetoka Kongo na mtoto mgongoni na kibuyu cha maji, alicheka nilipomweleza. Akasema ndege ana akili, yeye hakupewa muda wa kunenepa.)

Upungufu wa historia hii ni kwamba imeandikwa na washika nyavu. Wavuvi, wachungaji na watoto waliookota pete huonekana katika kumbukumbu kama mahali na tarehe tu. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2006, kwa sehemu kwa ajili ya ndege wake, ilhali makazi ya wakimbizi yalikuwapo ziwani hapa tangu miaka ya mwisho ya 1950. Katika miaka yote hiyo mikono mingi imeokota ndege hapa. Sisi hatukuwahi kuambiwa shuleni kwamba namba ile husomwa, huandikwa na kutumwa.

Likizo iliyopita nilimuuliza mdogo wangu anachokumbuka. Anakumbuka mvua ya mawe, mahali penyewe karibu na mitumbwi, na jinsi koo la ndege lilivyokuwa jekundu. Namba haikumbuki hata tarakimu moja.